Ukuta wa Sebule Umenigombanisha na Mavyaa

Bi Mkubwa, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Mji wa Kale, hapa Mombasa, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliiacha alipofariki miaka sita iliyopita. Tunaishi humo na mavyaa yangu pamoja na bwana wangu, ambaye hufanya kazi bandarini kwa zamu za usiku na mchana. Shemeji yangu anakaa Malindi na familia yake, na wifi yangu wa pekee yuko London, ambako ameolewa.

Ukuta wa sebule unaoelekea kichochoroni umekuwa ukinitia aibu tangu nilipoingia nyumba hii. Kila mwaka, mvua za vuli zikianza, hujaa madoa ya manjano, rangi ikavimba kama malengelenge na kubanduka, na chumba kikanuka kuvu hata ubani haufui dafu. Mara mbili nimemlipa fundi aupake rangi ya mafuta, na mara zote mbili rangi hiyo haikumaliza mwaka.

Wifi yangu naye hunitumia picha za nyumba yake. Huko kwao Septemba na Oktoba ndio mwanzo wa vuli. Majani ya miti hupukutika, usiku hurefuka, naye huchagua kazi moja ya nyumbani kila mwisho wa wiki na kuifanya pamoja na watoto wake. Mara wanaondoa mapazia mepesi na kutundika mazito, mara wanaziba nyufa za madirisha, mara wanatandika zulia au kuoka keki za maboga. Nilipozitazama picha zile niliazimia kwamba mwaka huu, watoto wakifunga shule kwa likizo ndefu, nami nitaigeuza sebule yangu. Nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa akina mama, shilingi 85,000, nilinunua mifuko minne ya saruji, nikaweka kando fedha za vigae vya ukutani na za zulia. Wifi aliniunga mkono na kuniahidi mapazia.

Nilipomweleza mavyaa, alinijibu neno moja tu: "Ukuta huu haukuzaliwa na saruji." Nikadhani ni ukaidi wa wazee. Basi aliposafiri kwenda Lamu kwenye matanga ya jamaa yake, nilimleta mwashi, akabandua plasta yote ya zamani kutoka sakafuni hadi kimo cha kichwa. Mavyaa alirudi siku moja kabla ya siku tuliyomtarajia. Aliingia, akautazama ukuta, akaokota kipande cha plasta na kuingia nacho chumbani mwake bila ya kusema kitu. Tangu hapo, na leo ni siku ya tisa, hali chakula changu. Ananunua samaki wake, anapika kwenye seredani yake uani, na watoto wangu wanapita kati ya vyungu viwili, yule mdogo akila huku na huku. Bwana wangu anasema hayo ni mambo ya wanawake, kisha anakwenda zake kazini. Mwashi anapiga simu kila siku kuuliza ataanza lini kupiga plasta, na mvua imekwisha kuanza.

Je, niimalize kazi niliyoianza, kwa kuwa pesa ni zangu na nyumba ni ya mume wangu, au niuache ukuta uchi mbele ya wageni? Na huyu mama nimwingie vipi?

Mkaza mwana, Mji wa Kale


JIBU LA BI MKUBWA

Mwanangu, wa aleiku msalaam.

Mpigie mwashi umwambie asije. Fanya hivyo kwanza, kisha urudi tuzungumze, kwa sababu yale maneno matano ya mavyaa yako, ambayo uliyahesabu kuwa ukaidi, ni elimu kamili ya ujenzi, na laiti ungemwuliza maana yake ungejiokolea fedha na siku hizi tisa.

Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, nalo hufyonza maji kutoka ardhini na kutoka katika mvua inayopiga ukuta, na maji hayo huingia pamoja na chumvi, kwa kuwa tunaishi kisiwani na hewa yetu yenyewe ni ya chumvi. Wazee waliojenga nyumba hizo walilijua hilo. Waliyachoma matumbawe tanurini, wakaizima chokaa yake kwa maji na kuiacha iive, kisha wakajengea na kupakia chokaa hiyo, ambayo hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi na ambayo, hata ikisha kukauka, huuachia unyevu njia ya kupita na kutoka kama mvuke. Saruji haina tabia hiyo, kwani ni ngumu na imebana. Ukiipaka juu ya ukuta wa namna hiyo, maji hayaachi kuingia bali hukosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi kuliko zamani. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma hadi ipasuke. Na jambo baya kuliko yote, ambalo hulioni hadi limekwisha kuharibika, ni kwamba vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huanza kuoza. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizobeba dari unayolala chini yake. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba? Upana wake hufuata urefu wa boriti, na boriti ikilegea kichwa, chumba kizima kimelegea.

Rangi ya mafuta ni ngozi nyingine ya kuzuia maji yasitoke, na yale malengelenge uliyoyaona mara mbili ni maji yaliyokuwa yakitafuta njia. Vigae vya ukutani vingefanya vilevile, ila vingekuficha ubaya huo kwa miaka kadhaa na kukugharimu zaidi. Nisikucheke sana, maana mimi mwenyewe niliwahi kukipaka chumba cha marehemu mama yangu huko Kuze rangi ya mafuta ya kijani kibichi, nikidhani namfurahisha, na kabla ya mvua za mwaka kwisha kikawa kama mgongo wa mamba.

Sasa tuje kwa wifi yako na picha zake. Vitabu vyetu huuita ule msimu wa majani kupukutika vuli, nasi tuna vuli yetu ya mvua za Oktoba hadi Desemba, baada ya kusi kulala na kabla ya kaskazi kushika. Lakini kufanana kwa jina hakuzifanyi kazi zake kuwa moja. Mwenzako wa London, ambako mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma na mwanzoni mwa Novemba jua huzama yapata saa kumi na nusu jioni, anaiandaa nyumba ili joto lisitoke. Ndiyo maana anaziba nyufa, anatundika mapazia mazito na kutandika zulia, na anafanya vyema. Wewe unaiandaa nyumba ili maji yasiingie, na yaliyoingia yatoke upesi, kwa hiyo unahitaji upepo upite kutoka uani hadi kichochoroni. Pazia zito na zulia la manyoya katika sebule yenye ukuta mbichi vitakuwa shamba la kuvu kabla ya Desemba kwisha, na watoto ndio watakaokohoa. Uige ile desturi yake ya kuchagua kazi moja, kuifanya na watoto na kuimaliza kabla ya kushika nyingine, na hayo mapazia mshukuru, umwombe akuletee ya kitambaa chepesi atakapokuja likizo.

Hayo ya ukuta ni mepesi. Mazito ni ile sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba nyumba ni ya mume wako.

Umesema baba mkwe alifariki miaka sita iliyopita, na hukutaja popote kwamba mirathi iligawanywa. Kama haikugawanywa, nyumba hiyo ni mali ya warithi wote. Chukulia kwamba wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia na kwamba hakuna mrithi mwingine usiyemtaja. Chukulia pia kwamba madeni na wasia, kama vilikuwapo, vimekwisha kutolewa. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Ukiigawa nyumba mafungu 40, mavyaa yako ana 5, bwana wako ana 14, shemeji yako wa Malindi ana 14, na wifi yako ana 7. Wewe, mwanangu, huna hata moja, na mume wako hafiki nusu. Hesabu hiyo ithibitishwe na Kadhi, ambaye katika nchi yetu ndiye anayepelekewa masuala ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Lakini hata kabla ya kufika huko unaona kwamba ulibandua ukuta wa watu wanne kwa idhini ya mmoja aliyenyamaza na mwingine aliyekuwa ng'ambo, huku yule aliyekwisha kukataa akiwa safarini matangani.

Hilo la matangani ndilo lililomwumiza. Kama ungeubandua mbele yake mkagombana, angepiga kelele na kesho yake mngekula sahani moja. Ulingoja atoke. Mwanamke aliyeolewa katika nyumba ile, akazalia humo na kumtolea mumewe jeneza kupitia mlango huohuo, amerudi kutoka kuzika akakuta kwamba neno lake halikuwa na uzito hata wa kusubiriwa siku tatu. Kile kipande cha plasta alichokiokota sijui amekiweka wapi, lakini usimwulize.

Basi utamwingia hivi. Usimtume mtoto, wala usimtume jirani, wala usimpelekee sahani ya biriani kana kwamba chakula kitasema kwa niaba yako. Ngoja siku ambayo bwana wako hayuko kazini, na umwambie waziwazi kwamba hayo si mambo ya wanawake, kwa kuwa ni mama yake mzazi na ni nyumba ambayo yeye ni mmoja wa warithi wake. Alipaswa kusema tangu pale mama alipokataa, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuachia wewe nafasi ya kukosea. Mwende pamoja chumbani kwake baada ya sala ya alasiri, wakati seredani haijawashwa. Wewe ndiye uanze, na useme ulilolifanya kwa jina lake: "Mama, ulinikataza, nami nikangoja usafiri nikafanya. Nimekosa, naomba radhi." Usiongeze kwamba ukuta ulikuwa unanuka, wala kwamba pesa zilikuwa zako. Akinyamaza, nyamazeni naye. Wazee wetu hawatoi radhi kwa kuharakishwa, na huenda ukaendelea kuiona seredani ikiwaka siku mbili tatu zaidi.

Halafu, siku nyingine, mwulize kuhusu ukuta. Swali hilo usiliulize kwa kumbembeleza, bali kwa sababu hakuna fundi atakayeujua ukuta huo kuliko yeye. Kabla ya kutumia shilingi moja unapaswa kujua maji yanatoka wapi, na njia ziko tatu. Kama unyevu umeanzia sakafuni na kukoma kiunoni au karibu yake, unapanda kutoka ardhini, na aghlabu kuna maji yanayotuama kichochoroni au kuna sakafu ya saruji iliyomwagwa nje karibu na msingi. Kama doa linashuka kutoka juu, tazama paa na milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paa. Na kama nyuma ya ukuta au kando yake kuna bafu lenye birika la zamani, huenda birika limepasuka. Umeeleza madoa ya manjano na hukuniambia yako wapi. Mavyaa yako atakwambia, pengine hata mwaka yalipoanza na ni jirani yupi aliyejenga nini mwaka huo. Nami nikiambiwa nibahatishe, nitautuhumu mlizamu. Kunguru wa mji huu hawana adabu: hujenga kwa vijiti, nyaya na mifupa ya samaki katika kila mfereji wa paa, na mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, maji hufurika yakateremka juu ya ukuta badala ya kushuka kwenye bomba.

Kwa hiyo kazi ya vuli hii si plasta. Ni kumlipa mtu mwenye ngazi imara, asiwe mtoto wala bwana wako aliyetoka zamu ya usiku, aizibue milizamu yote na kuifunga pale ilipoachana. Ukuta uacheni uchi. Ndiyo, mbele ya wageni. Unga mweupe utakaotokea juu ya mawe ni chumvi inayotoka, na kila itokapo ni faida; ifagieni kwa brashi kavu na kuizoa, msiioshe kwa maji, kwa kuwa maji huirudisha ndani. Madirisha yafunguliwe mchana mvua inapopumzika, na kochi lisogezwe mbali na ukuta kadiri ya upana wa mkono. Ikiwa macho ya wageni yanakuchoma sana, tundika mkeka wa ukindu kutoka kwenye msumari wa juu, usioshikana na jiwe chini, nao utapendeza kuliko vile vigae.

Plasta ingoje kaskazi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu ya pwani yetu, na ukuta utakuwa umepumua vya kutosha. Tafuteni mwashi aliyezoea chokaa, ambao Mji wa Kale bado wapo, na mavyaa yako huenda anawajua kwa majina ya baba zao. Baada ya plasta ya chokaa na mchanga safi usio wa pwani, pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mkono ukiachwa siku moja ukauke na ukuta ukinyunyiziwa maji kidogo kabla ya mkono unaofuata. Kazi hiyo ya kupaka hata mtoto wako mkubwa anaweza kuisaidia, mradi avae miwani na glavu, kwa sababu chokaa huunguza macho na ngozi; na chokaa isiyozimwa isiletwe nyumbani kabisa penye watoto. Kama mnataka rangi, iwe ya chokaa au nyingine ambayo haizibi vitundu vya ukuta. Upande wa kichochoroni usiguswe kabla ya kuwauliza watu wa ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, kwa kuwa nyumba za mtaa huo zinalindwa na mabadiliko ya nje yanahitaji ruhusa.

Watoto usiwaache likizo nzima wakingojea Januari. Mkubwa na wadogo zake waanze na mapipa. Kila chombo cha kuwekea maji kisuguliwe ndani mara moja kwa wiki na kifunikwe kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kamba, kwa sababu mbu wanaouma mchana, wale wa homa ya dengi na chikungunya, hutaga ndani ya maji safi ya nyumbani, na mji huu uliionja chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018. Siku zenye jua la matlai waanike magodoro na mito darini. Embe mbichi zikishuka bei, achari. Lakini achari mwachie mavyaa aiongoze, ikiwa atakuwa amerudi chunguni, na wewe ukate embe.

Kuhusu fedha zako, zilizobaki usizitie ukutani hadi ndugu wote watatu na mama yao wamezungumza, hata kama ni kwa simu, na wifi yako akumbushwe kwamba mafungu yake saba yanamfanya kuwa mshirika wa gharama na si mtazamaji wa picha. Wakikubali uchangie, iandikwe katika karatasi moja, mbele ya mashahidi wawili, kwamba kiasi ulichotoa ni mkopo kwa warithi au ni zawadi yako kwao. Wengi huona aibu kuandikiana ndani ya familia, na aibu hiyohiyo ndiyo inayowafikisha mbele ya Kadhi wakiwa hawasemezani.

Na ile mifuko minne ya saruji, mwenye duka akikubali kuipokea, irudishe wiki hii. Asipokubali, muuzie yeyote anayejenga Kisauni au Likoni kwa bei pungufu. Saruji huvuta unyevu wa hewani hata ikiwa ndani ya mfuko, na ikipitishwa vuli nzima katika nyumba hiyo, ifikapo Januari utakuwa na mawe manne ya kilo 50 yasiyofaa hata kuzuia mlango.